Filamu ya mahaba ya wakubwa: unapimaje maadili na utamaduni wake bila kuwa mhubiri?

Kitabu_Wazi aliuliza:

Wakuu, salaam. Swali hili ni kwa wanaoandika uhakiki wa filamu au kuongoza mijadala yake.

Kuna tathmini inatakiwa ya filamu ya mahaba yenye sini nyingi za faragha. Si ponografia. Ina hadithi kamili, wahusika watu wazima, mwanzo na mwisho, ila sini za kitandani ndizo zinazoisukuma. Tathmini inatakiwa iseme wazi filamu inasimamia maadili gani, na inawachukuliaje watu ambao utamaduni wao umewekwa mbele ya kamera.

Shida ni kwamba kila rasimu inaangukia upande mmoja. Ama inakuwa hotuba ya "filamu hii inaharibu jamii" bila kuonyesha wapi, ama inajificha nyuma ya neno "sanaa" na kusamehe kila kitu. Hivi kuna utaratibu wa kupima mambo haya hatua kwa hatua? Na mtu aangalie nini hasa: maneno, picha, au mwisho wa hadithi?

---

Mkasi alijibu:

Mkuu, kabla ya kufika kwenye maadili, hakikisha unajua unahakiki toleo lipi. Filamu za aina hii hukatwakatwa sana, na ya sinema, ya televisheni na ya mtandaoni zinaweza kuwa vitu tofauti. Mfano unaojulikana ni Eyes Wide Shut ya 1999: kwa soko la Marekani walipachikwa watu waliochorwa kwa kompyuta mbele ya sini ya karamu ya ngono ili ipate daraja la R (walio chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima), ilhali Ulaya iliachwa bila mapambo hayo. Mhakiki mmoja akiandika kwamba filamu inaficha na mwingine kwamba inaanika, huenda wote wawili wako sahihi.

Andika urefu wa toleo lako kwa dakika na sekunde, kisha ulinganishe na urefu rasmi. Ila ukikuta filamu ya dakika 120 inaisha kwenye 115 na ushee, usikimbilie kuilaumu bodi ya filamu. DVD na matangazo ya mfumo wa televisheni uitwao PAL huendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu nzima inakwenda mbio kidogo bila kupoteza hata shoti moja. Dalili za kukatwa ni nyingine: muziki unaruka katikati ya mdundo, mtu amevaa shati halafu hana, au mhusika anataja jambo ambalo hatukuliona.

Baada ya hapo itazame mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, ikuchukue inakotaka. Mara ya pili shika kalamu, na kwa kila sini ya faragha uandike mambo manne: inaanza dakika ya ngapi, nani kaianzisha, nani angeweza kukataa na akikataa angepoteza nini, halafu nini kimebadilika baada yake. Hilo la nne ndilo lenye kazi kubwa. Sini ambayo ukiinyofoa hadithi inaendelea kama kawaida ni pambo. Pambo si kosa lenyewe kwa lenyewe, lakini ukikuta sini saba na tano kati yake ni pambo, tayari una hoja yenye ushahidi, na hujamhubiria mtu.

Sasa maadili. Usiyatafute midomoni mwa wahusika, maana hata adui huwa ana hotuba nzuri. Tazama hadithi inamlipa nani na kwa tendo gani. Tendo linaloongoza kwa kulipwa katika aina hii ya filamu ni ung'ang'anizi: mwanamke anakataa, mwanamume anarudi, anakataa tena, anarudi na zawadi, mwisho anakubali na muziki unapanda. Hesabu amekataa mara ngapi kwa maneno na mara ngapi kwa mwili (kurudi nyuma, kugeuza uso, kunyamaza). Kama kila kukataa kunazaa mapenzi zaidi, basi filamu inafundisha kwamba "hapana" ni bei ya kuanzia tu, hata kama mwandishi wa skripti ataapa hakukusudia.

Kuna kipimo kizuri kwa steringi tajiri. Mvue fedha, sura na muziki, umwachie matendo matupu. Mtu amemlipia mwanamke kodi ya nyumba bila kumuuliza, amezungumza na bosi wake ili zamu ibadilishwe, anajua alipo kila saa. Ukisoma orodha hiyo bila kumwona mwigizaji mtanashati, umeona mahaba au umeona udhibiti? Andika unachokiona kwenye orodha.

Lakini usichanganye kuonyesha na kuunga mkono. Filamu inaweza kuonyesha uhusiano mbovu kuanzia mwanzo hadi mwisho na ikawa na maadili thabiti kuliko ile ya wapendanao wasio na doa. Ishara za kutofautisha: aliyeumizwa anapewa muda kwenye skrini baada ya kuumizwa, au kamera inaondoka na aliyemuumiza? Yupo mtu yeyote ndani ya filamu anayeona kwamba kuna tatizo? Na gharama ya tendo inafika hadi sini zinazofuata au inafutika usiku huohuo?

---

Pazia alijibu:

Naunga mkono, ila Mkasi amekaa sana kwenye skripti. Katika filamu hizi maadili mengi yamo kwenye kamera na kwenye meza ya uhariri, na hapo ndipo wahakiki wengi hupitwa.

Chukua sini moja fupi uivunje kwa sekunde. Tuseme bosi anamfunga mfanyakazi wake mkufu shingoni, ofisini, jioni, wako wawili tu. Sini nzima ni sekunde 40. Katika uhariri wa kwanza tunaona shingo sekunde 6, vidole vya bosi 5, mgongo na zipu 9, uso wa bosi 12, taa za mji dirishani 8. Uso wa mwanamke hatujauona hata kidogo. Katika uhariri wa pili matendo ni yaleyale na maneno ni yaleyale, lakini sekunde 18 ziko usoni kwake, macho yake yanakwenda mlangoni mara mbili, na mkufu tunauona sekunde 3 tu. Skripti haijabadilika hata nukta. Sini ya kwanza inatukalisha kwenye kiti cha bosi na kutuambia tufurahie. Ya pili inatuuliza kama yule mwanamke anaweza kutoka.

Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliliandikia jambo hili mwaka 1975, kwamba sinema iliyozoeleka humpanga mtazamaji atazame kwa jicho la mwanamume, na mwanamke awe wa kutazamwa. Huhitaji kukubaliana naye kwa kila kitu ili utumie saa yako. Pima nyuso dhidi ya vipande vya mwili. Kosa linalojirudia ni kuhesabu dakika za uchi na kuishia hapo. Namba hiyo haisemi chochote: dakika moja inaweza kumdhalilisha mtu, na dakika kumi na tano zikamheshimu. Wala usidanganyike kwamba kuanika na mwili wa mwanamume kumeleta usawa. Uliza kama naye amekatwa vipande, au amebaki mtu mzima mwenye uso na uamuzi.

Mbinu mbili za bei rahisi. Zima sauti, utazame sini peke yake. Kisha funga macho, usikilize sauti peke yake. Utashangaa mara ngapi picha inaonyesha mtu amekakamaa huku vinanda vikikuambia haya ni mapenzi. Picha na sauti zikigombana, muziki ndio unaokueleza filamu inataka uhisi nini, na ugomvi huo ni ushahidi mzuri wa kuweka kwenye tathmini.

---

Kitabu_Wazi:

Asanteni sana. Swali la nyongeza: filamu yenyewe inaisha kwa msiba. Mwanamke aliyetoka nje ya ndoa anapoteza kila kitu. Wapo watakaosema hiyo ni filamu yenye maadili kwa sababu kosa limeadhibiwa. Hapo vipi?

---

Mkasi:

Huo ni mtego wa zamani. Hollywood ilipitisha kanuni za maadili za Hays mwaka 1930, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali chini ya Joseph Breen, hadi mfumo wa madaraja ya umri ulipochukua nafasi yake 1968. Moja ya kanuni zake za kazi ilikuwa kwamba ovu likionyeshwa ni lazima lifidiwe: mkosaji ateseke, afe au atubu. Watengenezaji wakajifunza haraka. Waliweka dakika 80 za utamu na dakika 5 za machozi, na kanuni ikatimia.

Kwa hiyo usihukumu kwa mwisho peke yake. Angalia mambo mawili. Kwanza, adhabu imetoka wapi? Ikiwa ni matokeo ya maamuzi ya wahusika (uongo umegunduliwa, imani imevunjika, watoto wamesikia), hapo kuna hoja ya kimaadili. Ikiwa ni lori lililotokea kona dakika ya 104, hiyo si hoja, ni mwandishi anayetafuta mlango wa kutokea. Pili, nani amelipa? Walitenda wawili. Mwanamke akifa na mwanamume akapanda ndege na huzuni yake ya kupendeza, filamu haijaadhibu uzinzi, imemwadhibu mwanamke. Liseme hivyo hivyo.

---

Jiwe_la_Pembeni:

Mnazunguka mbuyu. Filamu iliyotengenezwa kuamsha ashiki ni ya kuamsha ashiki. Ukishaandika hivyo, tathmini imekwisha. Hayo ya sekunde za shingo ni kutafuta sababu ya kuitazama tena.

---

Mkasi:

Ha ha, hilo la mwisho nimelipokea. Lakini la kwanza halisimami, hata mbele ya wanaokata filamu kwa kazi. Bodi ya Uingereza, BBFC, inatenganisha kazi ambazo lengo lake kuu ni kuamsha ashiki na filamu ambamo mapenzi yamo ndani ya hadithi. Zile nzito za kundi la kwanza hupewa daraja lao la R18, na nakala zake huuzwa katika maduka yenye leseni maalumu. Marekani nako, kesi ya Miller ya 1973 katika Mahakama ya Juu iliweka kipimo cha kuamua kama kazi ni chafu kisheria, chenye sehemu tatu: kama mtu wa kawaida, kwa viwango vya jamii yake, ataona kazi nzima inalenga ashiki chafu, kama inaonyesha tendo kwa namna ya kuchukiza iliyotajwa na sheria ya jimbo, na kama kazi nzima haina thamani ya maana ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Zingatia hayo maneno "kazi nzima". Ni lazima zote tatu zitimie.

Miaka tisa kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya meneja wa sinema wa Ohio aliyetozwa faini kwa kuonyesha filamu ya Ufaransa, Les Amants ya Louis Malle. Faini ilifutwa, na Jaji Potter Stewart akasema hawezi kuifafanua ponografia lakini akiiona anaitambua, na filamu ile haikuwa hiyo. Jaji anaweza kumaliza hivyo kwa sababu ana kura. Mhakiki hana kura, ana sababu tu, na akiishia kwenye "nikiiona naitambua" hajaandika kitu.

Hoja yako moja nzuri, Jiwe: ni haki kabisa kuandika "haifai kutazamwa na watoto" au "haifai kukaa sebuleni na wazazi". Iandike, katika sentensi yake. Inahusu nani atazame na wapi. Daraja la umri nalo linafanya kazi hiyohiyo. Haisemi lolote kuhusu filamu inathamini nini. Kuna filamu za watoto zinazofundisha dharau tupu.

---

Sauti_ya_Pili alijibu:

Upande wa utamaduni naona haujaguswa, na ndio mgumu kuliko yote.

Anza kwa kuandika sheria za dunia ya filamu kama filamu yenyewe inavyozionyesha. Nani ana haki ya kuposa, nani ya kukataa, wawili wanaweza kukutana wapi bila maneno, aibu ikitokea inamwangukia nani, na kuna njia gani ya kuirekebisha. Andika sheria kama tano. Kisha uzihakiki nje ya filamu, kwa maandishi na sauti za wenye utamaduni huo, si kurasa za watalii. Angalia na wakati: hadithi ya miaka ya 1950 usiipime kwa desturi za leo za mahali hapohapo. Ukikuta tofauti, amua ni ya aina gani. Ipo ya kutojua, ipo ya makusudi ya kisanaa, na ipo ya kuuza, yaani desturi imepindwa ili iwe na mvuto wa kitandani zaidi kuliko ilivyo. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuandikia aya nzima.

Kisha jaribu hili: badilisha jina la nchi, mavazi na muziki. Hadithi ya mapenzi imebadilika? Kama haijabadilika hata kidogo, utamaduni umetumika kama pazia la nyuma ya jukwaa. Ukali unaongezeka pale kitu cha heshima kinapogeuzwa pambo la chumbani: vazi la msiba, ibada ya harusi, wimbo wa kumwombea marehemu. Hapo usiseme tu "wamekosea heshima". Eleza kitu hicho kina kazi gani kwa wenyewe, na filamu imekifanyia nini.

Kinyume chake ni utamaduni kama adui. Wazazi, wazee na dini wanasimama kama ukuta, na mapenzi ni nyundo. Kipimo changu hapa ni kimoja: je, kuna mzee hata mmoja anayesema jambo lenye mantiki? Hakuna jamii ambayo watu wake wote wanakubaliana kuhusu mapenzi na ndoa. Shangazi anabishana na mama, shehe na kijana wake, binti mmoja na dada yake. Filamu inayoipa mila sauti moja tu haijaikosoa mila, haijaisikiliza. Na filamu inayoisifu mila kwa sauti moja ina kasoro ileile.

Linganisha pia miili ndani ya filamu moja. Nani anavuliwa na nani anabaki na nguo? Mwenyeji au mgeni, maskini au tajiri, mweusi au mweupe, mfanyakazi wa ndani au mwenye nyumba? Ukikuta mgeni ana jina, kazi, utoto na ndoto, na mwenyeji ana mgongo unaong'aa kwa jasho, huhitaji kutumia maneno makubwa ya ukoloni. Weka mambo hayo mawili ubavuni kwa ubavu, msomaji ataona.

Mtego wa upande wa pili ni kusema "ni mila yao" na kuondoka. Kuielewa sheria kwa mantiki yake ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kuuliza nani ndani ya utamaduni huohuo anailipia sheria hiyo, na je, filamu imempa nafasi ya kusema? Hukumu ikijengwa juu ya malalamiko ya wenyewe inasimama imara kuliko inayotoka nje. Wala usidhani kusema wazi ndio uhuru na ukimya ndio uonevu. Pengi tamaa hutamkwa kwa fumbo, kwa kanga, kwa chakula kilichoandaliwa vizuri, na filamu inayojua lugha hiyo inaweza kuwa na ashiki kali bila mtu kuvua hata kiatu.

---

Pazia:

Nyongeza moja ambayo watu huiweka mahali pasipo pake: maadili ya utengenezaji. Last Tango in Paris ya 1972 ndiyo kesi inayotajwa zaidi. Mwigizaji Maria Schneider alikuwa na miaka 19 wakati wa kuipiga, na baadaye akasimulia kwamba sini ya ukatili iliyompa jina haikuwa kwenye skripti, na aliambiwa muda mfupi tu kabla ya kupigwa. Mwongozaji Bernardo Bertolucci mwenyewe alikiri kwamba hakumweleza kila kitu kwa sababu alitaka aone fedheha halisi. Mambo kama hayo yana nafasi kwenye tathmini, lakini katika aya yake. Filamu inaweza kuhubiri ridhaa na kuivunja nyuma ya kamera, au kuonyesha ukatili ulioigizwa kwa makubaliano ya kila hatua.

Kwa filamu mpya, soma majina yanayopita mwishoni mwa filamu hadi yaishe, utafute mratibu wa sini za faragha. HBO, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilianza kuwatumia 2018, na chama cha waigizaji cha Marekani kikatoa mwongozo wa kazi hiyo 2020. Jina likiwepo, unajua kulikuwa na mtu wa kupanga miondoko na mipaka ya kila mwigizaji. Lisipokuwepo, usilifanye ushahidi wa kosa, hasa kwa filamu za kabla ya hapo. Na kama hakuna lililowekwa hadharani kuhusu utengenezaji, iache aya hiyo kabisa.

---

Sauti_ya_Pili:

Kwenye kuandika sasa. Kila dai liwe na dakika yake, na kila dai lipewe ushahidi unaolipinga kutoka filamu hiyohiyo, ndipo utoe hukumu. Kwa mfano: "Filamu inadai kutetea uhuru wa Zuhura, na dakika ya 31 anakataa posa mbele ya ukoo. Lakini kuanzia dakika ya 52 kila uamuzi wake unafanywa na mpenzi wake, na kamera inaacha kuuonyesha uso wake katika sini tatu zinazofuata. Uhuru unaotetewa ni wa kumtoka baba. Wa kumtoka mpenzi haumo." Msomaji akikataa hitimisho, anajua aende dakika ipi akabishane nawe.

Maneno "inapotosha", "chafu", "ya kishenzi" na "ya kishujaa" yafute yote kwenye rasimu ya pili, uone kama aya bado ina kitu. Mara nyingi utakuta neno hilo lilikuwa limekaa mahali pa ushahidi ambao haujatafutwa.

Na unaposimulia sini za faragha, simulia kwa ufupi kuliko zilivyo. "Wanalala pamoja" inatosha. Kinachohitaji undani ni nani alisita, nani aliongoza na kamera ilisimama wapi. Picha ya kuambatanisha isiwe ya kitandani. Chukua ya sini inayofuata, asubuhi yake.